Bwana Amwonyesha Ayubu Wanyama Wake

Somo: Ayubu 39



Ayubu aliketi majivuni, amepoteza watoto na mali, akataka Mungu amjibu. Bwana akamjibu, wala hakumweleza sababu ya mateso yake. Alimwonyesha nyika: mbuzi-mwitu azaaye majabalini, punda-mwitu asiyefungwa kamba, na mbuni aachaye mayai yake mchangani. Hao wote Ayubu hakuwafuga, wala hakuwalisha hata siku moja. Yuko mwingine awalishaye.

Nasi wa Singida tunayo nyika ya namna hiyo. Upande wa kusini wa Itigi liko Pori la Akiba la Rungwa, limepakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyomegwa kutoka pori hilo mwaka 1964. Wako Wakristo wafungao safari kwenda Ruaha kutazama tembo, simba na twiga. Safari hiyo ni njema. Atazamaye kundi la tembo wakinywa maji hurudi nyumbani ameujua udogo wake, kama Ayubu.

Lakini tuulizane neno moja. Katika nchi hiyo ya Ruaha na Rungwa tembo walihesabiwa mwaka 2009, wakapatikana zaidi ya 31,000. Mwaka 2013 walipohesabiwa tena walikuwa kama 20,000 tu. Mwenye kuua kwa ajili ya pembe hafanyi kazi peke yake. Yuko amwonyeshaye njia, yuko ampikiaye, na yuko anyamazaye kwa kuwa amepewa fedha. Je, yafaa tumsifu Muumba siku ya Jumapili, na Jumatatu tununue nyama ya mtego gizani?

Twayajua pia machozi ya mkulima ambaye tembo wameingia shambani mwake, wakala kwa usiku mmoja chakula cha mwaka. Huyo asihukumiwe na walioshiba. Shauri lake lipelekwe kwa serikali ya kijiji na askari wa wanyamapori, na usharika umpe chakula, asije akashawishika kushika sumu.

Walimu, wafundisheni vijana wa kipaimara kwamba Adamu alipewa bustani kama wakili, si kama mwenye mali. Na wakili hutoa hesabu. Siku ile Bwana atakapotuuliza habari za wanyama wake, atukute tuna mikono safi. Amina.