Barua Zisizojibiwa

Agosti 1996, vituo vya uzazi nchini Uingereza viliyeyusha viinitete zaidi ya 3,000 na kuviacha vife. Sheria ya mwaka 1990 iliruhusu vihifadhiwe miaka mitano tu; kanuni za 1996 zikaruhusu muda uongezwe, wenyewe wakikubali. Barua zilitumwa. Mamia ya wenzi ama hawakupatikana ama hawakujibu.

Ni rahisi kuwaita wazembe. Mimi siwezi, kwa kuwa ndugu yangu mmoja naye ana viinitete asivyojua avifanyie nini. Binti wa shangazi, anayeishi Nairobi, alipata mapacha kwa kupandikizwa mayai yaliyorutubishwa maabara. Vikabaki viinitete vinne ndani ya tangi la naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Bili ya kuvihifadhi huja kila mwaka, naye hulipa, hata karo ikiwa haijakamilika. Nilimuuliza analipia nini hasa, maana yeye na mumewe walishakubaliana kwamba hawazai tena.

"Kaka, ningeulizwa kabla hawa hawajazaliwa, ningesema vitupwe. Sasa nikimtazama huyu mdogo alivyolala, najiuliza wale wangefanana na nani."

Na kweli aliulizwa. Fomu aliijaza siku ya kuanza matibabu: kutupa, kutoa kwa utafiti, au kuwapa wengine. Alitia alama haraka haraka akageuza ukurasa. Mtu aliyehangaika miaka kutafuta mtoto mmoja, habari za wa ziada zitamwingiaje?

Wenye dini waliliona tatizo hili la ziada mapema. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, katika azimio lake la 1990 huko Jeddah, lilitaka yarutubishwe mayai ya kutosha kupandikizwa tu; ziada ikitokea, iachwe bila kuhudumiwa mpaka ife yenyewe. Vatikano nayo, katika waraka wa 2008, ilisifu nia ya wanaotaka kuvipokea viinitete vilivyoachwa, kisha ikasema hata njia hiyo ina matatizo yake. Si mara nyingi Roma na Jeddah hulaumu jambo lile lile: kutengeneza ziada. Madaktari watajibu kwamba viinitete vingi hufa vyenyewe njiani, na kuanza upya ni sindano na gharama nyingine. Hapo nao wana haki.

Julai 2025, wenzi wa Ohio, Marekani, walipata mvulana kutokana na kiinitete kilichogandishwa 1994. Dunia ikashangilia rekodi. Mimi nilimfikiria zaidi mama aliyekitoa: aliachana na mumewe, binti yake wa kundi lile lile akafika miaka 30, na muda wote huo ada ya hifadhi anailipa.

Ndiyo maana naona fomu ile ijazwe mara mbili. Ya kwanza ibaki palepale, kwa kuwa watu hufa na ndoa huvunjika. Ya pili ije baada ya mtoto kuzaliwa, akishaanza kutembea hivi, na wenzi wakae na mshauri asiye na haraka. Binti wa shangazi hajawahi kuitwa na mshauri. Wanaompigia ni watu wa uhasibu. Kikao hicho kisitozwe senti, na wasisukumwe upande wowote. Wakiamua kuwapa wengine, waelezwe kwamba mtoto huyo anaweza kuja kuwatafuta. Wakiamua vitupwe, waulizwe kama wangependa kuwepo.