Je, Ni Dhambi Kutaka Uongozi?

Kila mwaka matawi ya YCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, huchagua viongozi wao mashuleni: mwenyekiti, katibu, mtunza hazina. Ndipo hutokea jambo ambalo wazazi wengi hawaliangalii. Kijana wa kidato cha tano athubutu kusimama na kusema, "Mimi nautaka uenyekiti." Mara vicheko na minong'ono: anajipendekeza, anatafuta ukubwa. Mwenzake, aliye hodari vilevile, akaa kimya, naye asifiwa kuwa mnyenyekevu. Twauliza: je, ni haki kuwapima hivyo?

Swali hili si jipya. Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza kama ni halali mtu kutamani uaskofu. Kwa desturi yake hakujibu kwa neno moja, bali alitenga mambo matatu: kazi yenyewe, ndiyo kuwafaa watu, cheo kimwekacho mtu juu ya wenzake, na heshima pamoja na mali zinazofuata cheo. Kutamani hayo ya mwisho ni choyo, kutamani cheo ni majivuno, bali kutamani kuwafaa jirani, kwa nafsi yake, ni jambo la sifa. Hata hapo alionya kwamba kazi na cheo havitengani kwa urahisi, basi mtu ajihadhari. Uenyekiti wa tawi si uaskofu, twajua, wala hauna mshahara. Lakini una kiti cha mbele na safari za mikutano, na katika umri wa miaka 17 hayo si madogo.

Yakobo na Yohane nao walitaka viti. Mtakatifu Mateo asimulia kwamba mama yao ndiye aliyekwenda kuwaombea, na akina mama watatuwia radhi tukisema kwamba wa namna yake wangaliko. Bwana wetu Yezu Kristu hakuwafukuza wale ndugu wawili. Aliwauliza kama wataweza kukinywea kikombe chake. Lakini watazameni wale kumi waliokasirika. Kwa nini wakasirike, ikiwa wao hawakuvitaka viti hivyo? Twadhani minong'ono ya darasani aghalabu yatoka chemchemi hiyohiyo.

Na yule aliyenyamaza? Katika kitabu cha Waamuzi, Yothamu asimulia jinsi miti ilivyotafuta mfalme. Mzeituni ulikataa, mtini ukakataa, mzabibu nao ukakataa, kila mmoja kwa udhuru wake mzuri. Mwishowe ufalme ukaukubali mti wa miiba. Mwanafunzi mwenye kipaji akijificha kwa kuogopa kuchekwa, huo si unyenyekevu. Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa tangu mwaka 590 na ambaye mwenyewe alijaribu kuukimbia mzigo huo, alionyesha kwamba Isaya alijitoa atumwe, Yeremia akasita, na wote wawili wakasukumwa na upendo. Basi kusema "niko tayari" au kusema "siwezi" bado hakujatujulisha moyo wa mtu.

Kipimo tunachokiona sisi ni hiki: kabla ya kura, alikuwa akifanya nini? Njia ya chama hiki ni "Ona, Amua, Tenda", iliyotokana na Padre Joseph Cardijn, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi huko Ubelgiji mwaka 1925. Papa Yohane wa 23 aliisifu katika barua yake ya mwaka 1961. Kuona hakungoji cheo. Yuko mwenzao anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Yuko mgonjwa bwenini asiyetazamwa. Uko wizi wa mitihani ambao kila mmoja aujua na hakuna autajaye. Aitakaye kazi amekwisha kuianza. Mwalimu Julius Nyerere aliuacha uwaziri mkuu Januari 1962, majuma machache baada ya uhuru, akaenda kukijenga chama cha TANU. Wenye shaka watasema kwamba kabla mwaka haujaisha alikuwa Rais. Kweli, lakini katikati hapo kazi ilifanywa bila kiti.

Kuomba kura kwa maneno ya wazi hatuoni kosa. Kugawa soda na maandazi usiku wa kuamkia uchaguzi ni jambo jingine kabisa, wala tusiliite utani wa vijana. Ni rushwa, na mlezi wa tawi anayeligeuzia uso ndiye mwalimu wake.

Wako pia akina baba wasemao, "Acha mambo ya vyama, soma." Hofu yao twaielewa, maana mtihani wa kidato cha sita haumngoji mtu. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba vijana ndio wawe mitume wa kwanza kwa vijana wenzao. Kijana asiyefundishwa kugawa saa zake nyumbani atazigawa vibaya hata akiwa hana cheo chochote. Baba aketi naye, wapange pamoja saa za masomo na za chama. Kisha amwulize jambo moja, kwa upole, kabla ya siku ya kura: "Mwanangu, wakimchagua mwingine, mkutano ujao utakwenda?"