Mvua ya Mungu, Tope la Nani?

Kutoka Kilosa kupanda hadi Gulwe, reli ya kati haina pa kupita ila ubavuni mwa mto. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Huku kwetu walifuata bonde kwa sababu ile ile iliyowafanya wapagazi wa misafara walifuate kabla yao: kulia milima, kushoto milima. Mto wenyewe ni Kinyasungwe. Ukifika Kilosa unaitwa Mkondoa, mbele unakuwa Wami, kisha bahari. Kiangazi chote ni mchanga. Vijana wanachezea mpira humo na kina mama wanachimba visima wapate ndoo mbili tatu. Mvua zikianza, unashuka mchana mmoja na magogo, mapipa na ng'ombe wa watu, na pengine mbingu ya Gulwe haina hata wingu, kwa kuwa imenyesha huko juu.

Nimekulia kambi ya gengi. Baba alikuwa mtu wa njia: asubuhi nyundo na spana begani, anakagua bolti, anashindilia kokoto chini ya mataruma. Mama aliuza mayai ya kuchemsha, karanga na ubuyu madirishani mwa treni. Mimi nimefundisha somo la dini maisha yangu yote ya kazi, na Jumapili nasoma ibada katika kanisa letu la Kianglikana padri asipofika, jambo ambalo si adimu.

Maji yakishapungua, baba alikuwa na desturi moja. Anachuchumaa, anachota konzi ya kokoto kutoka chini ya taruma, anazisugua kwa viganja viwili, kisha anatazama viganja. Vikibaki na vumbi jeupe la jiwe, anasimama na kuendelea. Vikibaki vyekundu, anatema mate pembeni. Kokoto ikishameza udongo haipitishi maji, na taruma lililokaa juu ya udongo uliolowa huanza kucheza kila gurudumu linapopita, mpaka tope linatoka pembeni kama uji unaochemka. Hapo reli imeanza kufa, hata kama kwa macho imenyooka. Aliujua ule wekundu. Si wa bonde, ni wa vilimani, na angeweza kukuonyesha kwa kidole ni mlima upi uliovuliwa miti mwaka gani.

Basi mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliposomba tuta kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi na watu wa Kilosa wakalala kwenye mahema, baba, ambaye alikuwa amestaafu, alisema maneno mawili tu: Mungu ameamua. Yale maneno yalinikera, na yananikera hadi leo. Mtu aliyesoma tope kwa viganja miaka yote ile aliwezaje kusema hivyo? Hakuwa mvivu wa kufikiri. Alikuwa na elimu yote iliyohitajika kusema jambo jingine, ila hakuwa na mahali pa kulisemea.

Elimu hiyo wengine walikuwa nayo kwenye makaratasi. Pale Mpwapwa, katika miaka ya 1930, mtaalamu wa malisho aliyeitwa Staples alitenga vipande vya ardhi vyenye mteremko mmoja, kimoja kina nyasi, kingine kimelimwa, kingine kiko wazi, akapima maji na udongo unaotoka katika kila kimoja. Jibu lake bibi yangu angempa bure: penye nyasi maji yanazama, palipo wazi yanakimbia na udongo. Karibu na mwaka 1970 Anders Rapp kutoka Sweden, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakapima mabwawa ya Dodoma, likiwemo la Ikowa, na kuonyesha yanavyojaa tope kwa kasi ambayo walioyajenga hawakuitarajia. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Wote hao walikuwa wakizungumzia tope lile lile lililokuwa viganjani mwa baba. Lakini wa malisho aliandika kwa ajili ya watu wa mifugo, wa mabwawa kwa ajili ya watu wa maji, na mhandisi wa reli alikuwa na daraja lake la kurekebisha kabla treni ya mizigo haijafika. Wala sidhani kuna aliyekosea katika fani yake. Kilichokosekana ni mtu wa kulifuata tope kutoka kilimani hadi kwenye taruma bila kukabidhi faili njiani.

Kongwa, jirani zetu, walishaona jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa, walime karanga za kuipatia Uingereza mafuta. Wakajenga na reli ya tawi kutoka Msagali. Udongo ukikauka ukawa saruji, mchanga wake ukala majembe, mvua ikafanya inavyofanya siku zote huku kwetu Ugogo. Kufikia 1951 pauni milioni 36 zilikuwa zimefutwa vitabuni. Hapo hakuna aliyesingizia kudra, labda kwa sababu hasara ilikuwa ya wakubwa.

Sasa nirudi kwa Mungu, maana ndiko ninakotaka kufika.

Kabla ya reli na kabla ya wamisionari wa Kianglikana wa CMS kufika Mpwapwa mwaka 1876, mvua Ugogo ilikuwa na mtu wa kuulizwa. Mathias Mnyampala aliandika juu ya mila hizo kwa Kiswahili katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, na Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo miaka ya mwanzo ya 1960, alizieleza kwa namna ya wanaanthropolojia. Mtemi alikuwa na mawe ya mvua, na pamoja nayo dhamana ya nchi: mbegu, rutuba, amani ya watu wake. Mvua ikigoma, watu walikwenda kwake. Mwalimu wangu wa chuo aliita hayo ushirikina, akageuza ukurasa. Kwa mawe hayo simtetei mtemi. Mimi ni Mkristo na sijui jiwe linavyoita wingu. Ila natamani sana ule mpango wa kwamba ukame, mifugo, miti, magomvi ya ukoo na njaa viliulizwa kwa mtu mmoja siku moja. Hakuna aliyemwambia mwenye shida kuwa hilo si la idara hii.

Mwaka 1967 Mmarekani Lynn White, mwanahistoria wa teknolojia, aliandika katika jarida la Science kwamba chanzo cha balaa la mazingira ni Ukristo wa Magharibi, uliofukuza roho kwenye miti na vijito na kumpa binadamu ruhusa ya kutumia kila kitu. Nimewafundisha vijana hoja hiyo mara nyingi na kila mara naona inatufaa nusu. Ni kweli kwamba injini za mvuke za mwanzo zilikula kuni za misitu ya kando ya njia, na hakuna aliyeomba radhi kwa mti. Lakini aliyekata miti ya vilima vyetu baada ya hapo ni Mgogo mwenzangu anayechoma mkaa, na yeye huenda kanisani, au msikitini, na kwa mganga pia akibanwa. Roho hazikuondoka kabisa. Shida ni kwamba bei ya gunia la mkaa iko karibu naye kuliko roho, na kuliko Mungu.

Tuna msemo wa misibani: kazi ya Mungu haina makosa. Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima kati ya Msagali na Igandu ilishindwa kusimama, ikarudi nyuma kwa kasi, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kwenye mazishi msemo ule ulisemwa, na mimi niliusema, na ningeusema tena mbele ya mama aliyekosa hata mwili wa kuzika, kwa sababu anahitaji kujua kwamba mwanawe hakuangukia mahali pasipo na Mungu. Sentensi hiyo hiyo ikitoka kwa mtu aliyekabidhiwa breki ni kufuru. Maneno ni yale yale, dini ni ile ile. Kilichobadilika ni dhamana ya anayesema. Kanisani hatufundishi tofauti hiyo. Tunafundisha kunyenyekea tu, na unyenyekevu wa mwenye spana si sawa na wa mfiwa.

Kwa muda mrefu nilijitengenezea kanuni ya mkato: mvua ni ya Mungu, tope ni letu. Niliihubiri hata kwenye ibada, na wazee waliitikia kwa kichwa. Kisha zikaja mvua za mwishoni mwa 2023, zile zilizoleta mafuriko Afrika Mashariki mwaka ambao mlima Hanang uliporomokea mji wa Katesh, Desemba 3. Wanasayansi wa World Weather Attribution walikokotoa kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyoletwa na binadamu yalizidisha ukali wa mvua za Oktoba hadi Desemba katika Pembe ya Afrika na nchi jirani, pengine hadi mara mbili. Basi hata wingu lina alama za vidole. Na vidole hivyo si vya mchoma mkaa wa Gulwe; kwa sehemu kubwa ni vya watu ambao hawajui kama kuna Gulwe.

Je, Mungu amebakiwa na nini? Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani aliyefungwa na Hitler, aliandika gerezani mwaka 1944 dhidi ya kumweka Mungu kwenye mianya ambayo elimu haijaifikia, kwa kuwa mianya huzibwa na Mungu husogezwa. Mungu wa baba alisogezwa hivyo kutoka kwenye tope, na sasa kwenye mvua. Nadhani tulianza vibaya kwa kugawana: hiki chake, hiki chetu, kama mirathi. Katika Kitabu cha Ayubu Mungu anapojibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, anamhoji Ayubu juu ya njia za maji na mvua inyeshayo mahali pasipo na mtu. Miaka yote nilisoma hapo amri ya kunyamaza. Sasa naona orodha ya kazi. Anayeulizwa kama anajua njia ya maji anatakiwa kwenda kuitazama.

Treni ya umeme inapita Gulwe tangu Julai 2024, juu ya tuta refu na madaraja mapana, madirisha yamefungwa. Abiria hanunui yai la mama yeyote, wala haoni kama mto una maji. Nimeipanda, ni nzuri, sitaki kujifanya naikumbuka dhiki ya zamani kwa mapenzi. Naogopa jambo moja tu: reli ya zamani ilipokatika, nchi nzima ililazimika kuuliza vilimani kumetokea nini; sasa huenda asiulize mtu.

Mwaka jana jirani yangu alikuja baada ya ibada. Shamba lake la karanga liko chini ya kalvati la tuta la reli mpya. Maji yaliyokuwa yakitawanyika kwenye mteremko sasa yanakusanywa na kutoka mahali pamoja, na yamechimba korongo ambalo mbuzi akitumbukia hatoki. "Mwalimu, niombee shamba," aliniambia. Tuliomba. Kisha tukachukua kamba, tukapima upana na kina, tukaandika barua kwa mtendaji wa kijiji. Aliisoma kwa heshima, akauliza kama hilo ni suala la kilimo, la maji, au la reli, ili ajue aipeleke wapi. Nikamwambia tumetoa nakala tatu na zote ziende, na kwamba aliyetumwa na kila ofisi aje siku moja na wenzake, Jumatano, saa tatu asubuhi, pale kalvatini. Wawili wamekubali.