Marejeo na Haki ya Kutajwa

Mtu atakaye makala yake ya sayansi ipokelewe na jarida hana budi kutii sheria moja ndogo ambayo wengi huiona kuwa ni kazi ya karani: mwishoni mwa makala apange orodha ya marejeo. Jina la ukoo la mwandishi hutangulia, zikafuata herufi za majina yake mengine, mwaka, kichwa cha makala, jina la jarida, buku na kurasa. Jarida hili lataka mwaka uwe katika mabano, lile lataka nukta, na jingine halitaki majina ndani ya matini bali namba tupu. Wanafunzi hulalamika, na siku hizi wanazo programu za kompyuta za kuwapangia mabano hayo kwa dakika moja. Juu ya mabano sina neno. Neno langu ni juu ya swali lililojificha chini yake: ni nani anayestahili kuingizwa katika orodha ile, na mwingine huachwa nje kwa haki gani?

Orodha ya marejeo hufanya kazi mbili. Kwanza ni njia: humwonyesha msomaji mahali pa kwenda akitaka kuhakikisha lililosemwa. Pili ni ungamo la deni: mwandishi akiri kwamba ujuzi huu hakuuzaa peke yake. Kazi hizi aghalabu huandamana, na kwa hiyo huchanganywa; lakini hutengana mara ujuzi utokapo kinywani mwa mtu badala ya kitabuni. Majarida mengi husema kwamba mazungumzo yasiingizwe katika orodha, kwa sababu msomaji hawezi kuyarudia akayapima. Sababu hiyo ni ya kweli, ila yahusu njia tu. Njia ikikosekana, deni halifutiki.

Wala watu wa pwani hawakungoja kufundishwa jambo hili na majarida. Mwanachuoni aliyesoma hadithi za Mtume alifunzwa kutaja mlolongo wa wapokezi, fulani kutoka kwa fulani, na uaminifu wa kila mmoja ukapimwa. Hapo kauli ya mdomo ilikuwa ndiyo rejeo lenyewe. Watungaji wa tenzi nao walikuwa na desturi ya kutaja majina yao, na mara nyingi tarehe, katika beti za mwisho. Kweli, sisi hao hao twasema pia "wahenga walinena", tukawafunika watu wengi kwa neno moja. Lakini methali haina mwenyewe ajulikanaye, na utafiti unaye.

Sasa na tuutazame mji wa Dar es Salaam. Jina la Kariakoo lenyewe ni rejeo lisilokamilika. Latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao kambi yao ilikuwa hapo baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Wapagazi walibeba risasi na unga, na wengi wao waliuawa na maradhi kuliko risasi. Kikosi kikapata mtaa. Watu wake hawakupata majina. Si mbali na hapo, katikati ya mji, imesimama tangu 1927 sanamu ya Askari, ambayo maandishi yake yawakumbuka askari na wapagazi kwa pamoja, pasipo kumtaja hata mmoja.

Mtaani Kariakoo huuzwa pia magome, mizizi na majani ya dawa, na watafiti wa miti shamba hawana budi kuwaendea wenye ujuzi huo. Tuchukue mwarobaini. Mtafiti aandikapo juu yake, jarida humtaka aandike Azadirachta indica A.Juss. Herufi zile za mwisho ni heshima ya Mfaransa Adrien de Jussieu, aliyeupa mti huo jina la Kilatini. Tena hutakiwa kuweka tawi lake katika hifadhi ya mimea, nalo hupewa namba pamoja na jina la aliyelichuma. Yote hayo ni mema. Lakini mzee aliyeeleza ni sehemu gani ya mti hutumiwa, kwa maradhi gani na kwa kipimo gani, mara nyingi huandikwa "mganga mmoja", au "mtoa habari namba 7". Mti una baba wa ubatizo aliyefariki zamani na bado analipwa heshima kila siku. Aliyemfungulia mtafiti mlango hana hata herufi moja.

Pengine msomaji atasema kwamba ndivyo sayansi ilivyo. La, sivyo ilivyo siku zote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, aliona kwamba maziwa aliyoyatia katika jokofu yangali moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lilo hilo Dakta Denis Osborne, aliyekuja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education, yenye majina mawili, la Mpemba likitangulia. Mtu aweza kusema kwamba hata alfabeti ingelitanguliza M mbele ya O. Na iwe hivyo. Lililo kubwa ni kwamba Osborne angeweza kulitaja lile swali kwa maneno "mwanafunzi mmoja aliniuliza", na hakuna sheria ya jarida ambayo ingemzuia.

Kutajwa huko hakukuwa zawadi tupu. Aliyetajwa huulizwa. Mwaka 2016 wanasayansi wa Uingereza walichapisha majaribio ya kuitilia shaka athari ya Mpemba, na wengine wakaendelea kuitetea. Mganga aliyeandikwa namba 7 hawezi kusifiwa, lakini pia hawezi kukosolewa wala kujitetea. Hata hivyo, katika simulizi ya Osborne yumo fundi kijana wa maabara aliyefanya jaribio la kwanza chuoni, naye hana jina.

Wanahistoria wa chuo hicho hicho walitenda vizuri zaidi. Mwaka 1968 Gwassa na Iliffe walipotoa kumbukumbu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, waliwaweka wazee kwa majina na mahali pao. Ndundule Mangaya wa Kipatimu anatajwa hadi leo na watu wasiowahi kufika Kipatimu. Na huko Kanada, mwaka 2021, Lorisia MacLeod alichapisha mifano ya kuwaingiza wazee wa wenyeji katika orodha kamili ya marejeo: jina, taifa lake, aishipo, mada na tarehe ya mazungumzo. Basi haliwezi kuitwa jambo lisilowezekana.

Yako pingamizi moja yenye uzito. Mwenye dawa aweza kukataa kutajwa, kwa kuhofia jamaa zake, wezi wa ujuzi, au serikali ya mtaa. Na adabu ya utafiti yataka siri yake ilindwe. Nakubali. Lakini kuficha jina kwa ombi la mwenyewe si sawa na kulificha kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Makala nyingi hazisemi ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea, na sentensi moja tu ingetosha kusema.

Naye akikubali, litabaki swali la namna ya kuliandika jina lake. Kanuni hudai jina la ukoo litangulie, na wengi wetu hatuna. Jina la pili ni la baba. Ndiyo maana mshairi wa Vibambani, Tanga, husomeka katika maktaba kama "Robert, Shaaban", na Robert ni jina la mzee wake. Waisilandi, ambao nao huchukua jina la baba, wameyakataa hayo: orodha zao hupangwa kwa jina la mtu mwenyewe. Wahariri wa majarida ya Dar es Salaam wangeweza kufanya hivyo hivyo katika toleo lijalo, pasipo kumwomba mtu ruhusa.