Upole na Mwiko wa Kugusa katika Hotarubi no Mori e

Uhakiki wa fasihi una mazoea ya kuutafuta uzito wa kazi katika ukali wa mgogoro wake. Kazi isiyokuwa na dhuluma, usaliti wala hasira huhesabiwa nyepesi. Na ikiwa juu ya hayo ni hadithi ya mapenzi, tena ya picha, tena iliyokusudiwa wasomaji wa kike, hutupwa moja kwa moja katika fungu la fasihi pendwa na kuachwa huko. Hotarubi no Mori e, hadithi fupi ya manga iliyotungwa na kuchorwa na Midorikawa Yuki wa Japani na kuchapishwa mwaka 2002 katika jarida la LaLa DX, ina sababu zote za kutiliwa shaka kwa namna hiyo. Haina adui. Hakuna mhusika hata mmoja anayemtakia mwenziwe mabaya. Hata hivyo imependwa kiasi cha kufanywa filamu ya katuni mwaka 2011 chini ya uelekezaji wa Omori Takahiro, filamu isiyotimiza hata saa moja, na sifa yake kubwa miongoni mwa wapenzi wake ni kuwa inaliza. Kwamba inaliza si hoja. Machozi ni rahisi kuyapata. Linalostahili kuulizwa ni kama upole wake ni kimbilio la msomaji anayeyaogopa maisha, au una dai la kimaadili ndani yake ambalo hadithi kali zaidi zisingeweza kulitoa.

Msuko wenyewe hauchukui nafasi kuuelezea. Hotaru, msichana wa miaka sita aliyekwenda kijijini kwa jamaa zake wakati wa likizo ya kiangazi, anapotea katika msitu unaosemekana kuwa makao ya mungu wa mlima. Huko anakutana na kijana aliyevaa kinyago cha mbweha. Kijana huyo, Gin, anamwonya asimguse, kwa kuwa akiguswa na binadamu atatoweka. Mtoto, kwa furaha ya kumpata mtu wa kumwokoa, anamrukia kutaka kumkumbatia, naye Gin anamzuia kwa kumpiga kichwani kwa kijiti. Kisha wanakishika kijiti hicho, kila mmoja ncha yake, na kutoka nacho msituni. Hotaru anarudi kila kiangazi. Yeye anakua, Gin ama hakui au anakua polepole mno, hata inafika siku ambapo msichana anatambua kuwa wamelingana kwa umbo na kuwa, mambo yakienda hivyo, atampita. Mhusika wa kiume asiyezeeka si mgeni katika manga za wasichana. Hagio Moto alikwisha kumsawiri tangu mwaka 1972 alipoanza Poe no Ichizoku, hadithi ya mvulana mnyonya damu. Lakini mvulana wa Hagio ni hatari kwa walio hai. Gin ni kinyume chake: walio hai ndio hatari kwake.

Hapa Kiswahili chenyewe kinamtatiza mhakiki. Wakazi wa msitu huo huitwa yokai kwa Kijapani, na hakuna neno moja linalowatosha. Jini huja na masharti, mapatano na kupanda kichwani. Mzimu huja na wafu wa ukoo. Zimwi hula watu. Viumbe wa Midorikawa hawafanyi lolote kati ya hayo. Pengine ni salama kuwaita viumbe wa ghaibu na kuendelea. Gin naye hata huko hamilikiwi kikamilifu, kwani alikuwa mtoto mchanga wa binadamu aliyetupwa msituni, na mungu wa mlima, kwa kumhurumia, akamwekea kago ili asipotee. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kinachomweka hai ndicho kinachomkataza kuguswa. Mwiko wake haukutokana na laana wala na kosa la mtu yeyote, bali ni bei ya huruma aliyotendewa kabla hajajua kusema.

Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya kifantasia, aliiweka fantasia katika kusitasita kwa msomaji asiyejua kama tukio lina maelezo ya kawaida au la. Kwa kipimo hicho Hotarubi no Mori e si fantasia hata kidogo, maana hakuna anayesitasita. Mtoto anaelezwa kuwa aliyesimama mbele yake si binadamu, naye anapokea. Nguvu ambayo ingepotezwa katika kuuliza kama Gin yupo kweli inahamishiwa katika swali lingine: aliyepo namna hii atatendewaje? Uajabu umeondolewa katika elimu ya yakini ukawekwa katika maadili.

Tofauti hii hujitokeza zaidi manga hii ikiwekwa karibu na hadithi za jadi za Japani zinazohusu mwiko kati ya binadamu na kiumbe wa ghaibu. Katika ile ya korongo aliyejigeuza mke, mume anakatazwa kuchungulia mkewe anapofuma. Anachungulia, na korongo anaruka kwenda zake. Katika ile ya mwanamke wa theluji, iliyoingizwa na Lafcadio Hearn katika Kwaidan ya mwaka 1904, mume anavunja ahadi ya kunyamaza na kumpoteza mkewe. Katika zote mbili mwiko huvunjwa na yule aliyekatazwa, tena kwa udhaifu wake: udadisi au ulimi usiotulia. Hadhira inayojua desturi hii huanza kusoma Hotarubi no Mori e kwa kumchunga Hotaru, ikingoja siku atakaposhindwa kujizuia. Taharuki yote ya kazi imejengwa juu ya matarajio hayo, na matarajio hayo yote yanageuka kuwa ya bure. Hotaru hashindwi.

Tukio ambalo halina budi kutazamwa kwa makini ni lile la mti. Hotaru, akiwa bado mtoto, amepanda mti, tawi linakatika, naye anaanguka. Gin ananyosha mikono kumdaka kisha, katika sekunde ya mwisho, anairudisha. Msichana anaangukia kichakani. Hakulaumu. Anamtaka Gin amwahidi kuwa, litokee litakalotokea, hatamgusa kamwe. Na anapolisema hilo machozi yanamtoka. Maadili ya kawaida yangemhukumu mtu anayemwacha mtoto aanguke ilhali mikono yake ingeweza kumfikia. Midorikawa anampeleka msomaji mahali ambapo kurudisha mikono ndiko kumtii mpendwa, na ambapo anayelipa kwa maumivu ya mwili ni mdogo, naye analipa kwa hiari. Uhai wa Gin uko mikononi mwa Hotaru kila dakika wanayokaa pamoja. Kugusa kwa bahati mbaya, kwa mzaha au kwa usingizi, kungetosha. Mtu akimkabidhi mwingine uwezo wa kumwangamiza, na aliyekabidhiwa akaubeba miaka mingi bila kuutumia wala kuutaja kwa tishio, hapo pana aina ya upendo ambayo fasihi ya mapenzi haina mazoea ya kuisawiri. Simone Weil alitofautisha kukitazama kitu kizuri na kukila, akaona kuwa maovu mengi hutokana na kulitaka la pili pale ambapo la kwanza lingetosha. Hotaru anajifunza tofauti hiyo akiwa na miaka sita, kwa kupigwa kijiti.

Hata hivyo ingekuwa kosa kuisoma hadithi hii kama sifa ya mapenzi yasiyogusana. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo, na wapo wanaoidharau kwa sababu hiyo hiyo, wakidai kuwa inawapa vijana mapenzi yasiyo na mwili, yaani mapenzi yasiyo na hatari. Makundi yote mawili yameupokea mwiko kama usafi. Matini haikubali. Wahusika wote wawili wanataka kugusana na wanajua kuwa wanataka. Katika tamasha la usiku ambalo viumbe wa ghaibu hulifanya kwa kuiga la binadamu, wanatembea wamefungana kitambaa mikononi, kila mmoja upande wake, kama walivyokishika kijiti zamani. Gin anamvika Hotaru kinyago chake na kukibusu kinyago. Vitu hivi vya katikati, kijiti, kitambaa na kinyago, ndivyo ishara kuu za kazi, na kila kimoja kinaeleza ukaribu na gharama kwa wakati mmoja. Aliyeridhika na kutogusa hahitaji kitambaa.

Kisha mtoto mmoja wa kiume anajikwaa katika umati wa tamasha, na Gin anamshika mkono asianguke. Mtoto anashukuru na kwenda zake. Vidole vya Gin vinaanza kuyeyuka kuwa chembe za mwanga, kwa kuwa mtoto yule alikuwa binadamu aliyejichanganya na viumbe wa ghaibu. Aristotle aliona kuwa mkasa wa tanzia humfikia mhusika kwa kosa lisilotokana na uovu, na kosa la Gin, la kutomjua aliyemshika, linaingia humo barabara. Lakini ni kosa gani hili ambalo halikutokana hata na pupa? Na ni hapa penye jambo linalouma. Hotaru alianguka kutoka mtini ili Gin aishi. Gin ameutumia uhai huo, uliohifadhiwa kwa gharama ya mwingine, kwa mtoto asiyemjua. Je, amemdhulumu Hotaru?

Anayejibu kuwa hakumdhulumu kwa sababu hakujua anakwepa swali, maana kutojua huondoa lawama lakini hakuondoi hasara. Jibu bora limo katika mikono yenyewe. Mikono iliyojifunza kujizuia kwa ajili ya mmoja ingeweza kabisa kujifunza kujizuia kwa wote. Mtu anayeulinda uhai wake kwa miaka mingi huishia kuulinda dhidi ya kila anayeanguka. Hilo halikumpata Gin. Upole wake kwa Hotaru haukuwa hofu, na ndiyo maana haukugeuka kuwa ubahili. Lau angesita katika umati, akamchunguza mtoto kwanza ajue ni wa jamii gani, angebaki hai, na pengine Hotaru angempoteza kwa namna nyingine isiyo na jina.

Akijua kuwa anatoweka, Gin anamwita Hotaru amkumbatie, na Hotaru anakimbia kumkumbatia. Jina la hadithi lina maana ya kuelekea msitu wa mwanga wa vimulimuli, na neno hotaru ndilo kimulimuli. Lakini anayezimika si mwenye jina hilo. Mikononi mwa msichana zinabaki nguo na kinyago. Udhaifu pekee wa kazi unafuata hapo, pale viumbe wa msitu wanapomshukuru Hotaru na kueleza kuwa walipenda kukaa na Gin milele, ila mwenyewe alitaka kumgusa binadamu. Maneno hayo ni ya huruma, lakini yanamletea msomaji faraja mapema mno, kabla hajakaa na hasara. Mistari myembamba ya Midorikawa na weupe anaouacha kuzunguka nyuso ilikuwa imekwisha kuyasema hayo bila sauti.

Mtoto aliyejikwaa haonekani tena. Alisema asante, akaondoka na furaha zake, na hakuna kiumbe hata mmoja wa msitu, wala Hotaru mwenyewe, anayemfuata kumwambia alichokigusa.