Ahadi ni Deni: Tafakari ya Harusi ya Chini ya Migomba



Kijana mwenzangu, leo nina swali moja: hivi mtu anaweza kuahidi kupenda? Usijibu haraka. Unaweza kuahidi kufika saa nne. Unaweza kuahidi kurudisha hela ya watu mwisho wa mwezi. Lakini hisia je? Kesho utaamka ukijisikiaje, hujui. Sasa wale wawili wanaosimama mbele ya altare na kuahidiana upendo mpaka kifo, wanaahidi kitu gani hasa?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, anatufundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Kutakia huko ni kazi ya utashi. Hisia inakujia yenyewe, kama mvua. Utashi ni wako, unaamua wewe. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukuahidi kwamba moyo wake utadunda akikuona mwaka 2050, lakini anaweza kukuahidi kwamba mwaka huo bado atakutakia mema na kuyatafuta pamoja nawe.

Tena, ahadi ya namna hii inatenda kitu. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, alionyesha kwamba kuna maneno ambayo hayaelezi jambo, bali yanalifanya. Harusi ilikuwa mmoja wa mifano yake. Anayetamka kukubali pale altareni hatupi habari kwamba anaoa. Anaoa kwa kutamka. Kanisa linalijua hilo siku nyingi. Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa inasema kwamba ridhaa ya hao wawili ndiyo inayoifanya ndoa, na hakuna mamlaka yoyote ya kibinadamu inayoweza kushika nafasi ya ridhaa hiyo. Hata kamati ya harusi haiwezi, jamani!

Nisikuchoshe na falsafa. Acha nikupe mfano wa karibu.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni mwalimu wa shule ya msingi. Mchumba wake ni fundi seremala, ana karakana ndogo Moshi mjini. Walikutana VIWAWA, kwenye kupanga viti baada ya semina, wale wawili wa mwisho kuondoka siku zote. Ukiwauliza hadithi yao ya mapenzi wanacheka, wanasema hakuna hadithi, kuna viti tu. Lakini mimi niliwaona. Niliona kaka yule akimsubiri dada amalize masomo yake ya diploma, bila kumsumbua. Nilimwona dada akikaa karakanani Jumamosi nzima akimwandikia hesabu za wateja, wakati ule kaka ameumia mkono.

Wakaamua kuoana. Kamati ikaundwa, kundi la WhatsApp likafunguliwa, bajeti ikasomwa: milioni 22. Ukumbi, mapambo, mshereheshaji, sare, picha, vinywaji. Baada ya miezi mitano zilikuwa zimeingia milioni 6. Tarehe ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Hapo ndipo yakaanza maneno ambayo na wewe umeshayasikia: "Kwani lazima harusi? Anzeni tu kuishi, mtabariki baadaye mkijipanga."

Hebu simama hapo kidogo. Katika michango yetu ya harusi tuna neno zuri sana: ahadi. "Ahadi yako ni shilingi ngapi?" "Fulani hajamalizia ahadi." Tunaifuatilia kwa simu, kwa meseji, mpaka mtu anaona aibu kupita mtaani. Ahadi ni deni, tunasema. Sasa angalia kilichotokea: kwa sababu ahadi za wageni hazijakamilika, ahadi ya maharusi inazuiwa isitamkwe. Ahadi ndogo imeifungia mlango ahadi kubwa. Na wale wawili wanaambiwa waishi kama wameahidiana, bila kuahidiana.

Wao walikataa. Wakasema: Misa Jumamosi asubuhi parokiani Kilema, halafu chakula nyumbani kwa baba wa bwana harusi, chini ya migomba. Basi.

Usidhani kila mtu alifurahi. Mama mkubwa alilia. "Mimi nimechangia watoto wa watu miaka kumi na tano, daftari ninalo. Leo wangu anaolewa kwenye migomba kama mtoto asiye na ukoo?" Nakuomba usimcheke. Anachosema mama huyu ni suala la haki. Mchango si hela tu. Ni namna yetu ya kuambiana "mtoto wako ni wangu". Alitoa miaka yote hiyo akiamini siku yake itafika, na vijana wawili wakaifuta siku hiyo kwa uamuzi wa jioni moja. Unyenyekevu wa mtu mmoja unaweza kuwa dhuluma kwa mwingine, hasa ukiamuliwa bila kumuuliza.

Bwana harusi alilielewa hilo. Jioni ya Jumapili alifika na baba yake mdogo na mshenga, mkononi ana jani la isale. Kwetu Uchagani isale si pambo. Ni mmea wenye majani marefu membamba, unapandwa mpakani mwa vihamba, na mtu akikujia nalo kuomba msamaha, ni vigumu mno kumkatalia. Akasema, "Mama, hatukuja kukupunguzia heshima. Tulikosea kuamua kabla hatujakusikiliza. Tusamehe." Mama alikaa kimya muda mrefu. Halafu akalipokea lile jani, akaingia ndani, akatoka na daftari. "Hawa wote waje," akasema. "Wasije na hela. Waje na ndizi."

Na walikuja, shemeji zangu! Kamati ilitangaza kwamba aliyechanga na anataka chake atarudishiwa. Wengi wakasema kiende kwenye chakula. Akina mama waliteremka na mikungu ya ndizi kichwani, wengine maziwa, wengine kuni. Mbege ilipikwa na majirani. Meza zilikuwa mbao za karakanani, mabenchi ya kigango. Njia ya kuingilia ilipambwa kwa majani ya migomba na maua ya bustani za watu, kila tawi limekatwa kwenye kihamba cha mtu anayejulikana. Ndafu ilifika na majani yake mdomoni, vigelegele vikapigwa mpaka ng'ombe wakaitikia. Sijawahi kuona kijani namna ile, wala sijawahi kumwona mama mkubwa akicheza hivyo.

Ningeweza kuishia hapo, tukashangilia. Lakini wiki iliyofuata dada mmoja wa kundi letu la vijana aliziona picha, akaniandikia: "Frateri, nami nataka harusi ya kijani kama hiyo! Nimeuliza mpambaji, majani na mbao zile anataka milioni nne." Nilicheka, halafu nikafikiri. Kumbe hata usahili unanunuliwa. Unaweza kuukimbia ukumbi wa vioo ukaenda kujenga ukumbi mwingine wa majani, pengine ya plastiki, ili picha zionekane kama za watu wasiojali kuonekana. Majivuno hayajali nguo; yanavaa hariri, yanavaa hata majani ya mgomba.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye kijani. Iko kwenye swali hili: pambo hili linasema nini, na ni kweli? Mapambo ya siku ile yalikuwa ya kweli kwa sababu yalikuwa majirani wenyewe, wamekuja kwa sura ya ndizi na maua. Lile jani la isale halikugharimu hata shilingi, ila lilimgharimu bwana harusi kiburi chake. Ishara nzuri huwa hivyo: inaonyesha kitu kilichopo. Na sakramenti inakwenda mbali zaidi, kwa nguvu ya Kristo inakitia ndani yetu kile inachokionyesha.

Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, namba 212, anawatia moyo wachumba wawe na ujasiri wa kuwa tofauti, wasimezwe na jamii ya matumizi na maonyesho. Hasemi tusisherehekee. Pale Kana divai ilipokwisha, Bwana wetu hakuwaambia wageni warudi nyumbani wakasali. Aliamuru mitungi sita ya mawe ijazwe. Sherehe ni njema. Yesu mwenyewe aliiokoa. Lakini angalia, aliiokoa harusi iliyopungukiwa. Wale maharusi hawakusubiri mpaka divai iwe ya kutosha.

Basi, wewe unayesoma haya na tarehe yako imesogezwa mara ya tatu: fahamu kwamba kadiri ya kanuni ya 1108, kinachohitajika ni ninyi wawili, padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Kanisa halikudai ukumbi. Na wewe ambaye tayari mnaishi pamoja kwa sababu hela haikutosha, sikuandikii kukuhukumu. Nenda kamwone paroko wiki hii. Parokia nyingi zinafungisha ndoa za pamoja, wanandoa kadhaa katika Misa moja, na neema yake haina daraja la pili.

Lakini msiende kimya kimya mkiwakwepa wazazi. Kaeni nao. Mwulizeni mama daftari lake linasema nini, mwone ni namna gani nyingine wanaweza kuja wale aliowapenda miaka yote. Inawezekana unachokiita tamaa ya sherehe ni njaa ya kutambuliwa tu.

Maswali ya kutafakari wiki hii: Ni ahadi gani naiahirisha kwa kisingizio cha maandalizi? Na ni nani napaswa kumwendea na isale langu kabla sijaitamka?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyekubali mwaliko wa Kana, njoo katika upungufu wetu. Utupe utashi wa kupenda hata siku ambayo hisia zimelala, na unyenyekevu usiowaumiza wale waliotulea. Amina.

Tuendelee kuombeana.