Mimi Mmoja Tu

Kisiwa cha Aisilandi kipo mbali kaskazini mwa dunia. Eneo lake lapata kilometa za mraba 103,000, na watu wake hawatimii laki nne. Kwa wengi katika Kenya jina lake lilikuwa geni mpaka Aprili 2010, volkeno ya Eyjafjallajökull ilipotoa majivu yaliyozuia ndege kuruka Ulaya, na maua ya wakulima wetu yakaoza Nairobi kwa kukosa chombo cha kuyachukua. Siandiki juu ya majivu hayo. Naandika juu ya jambo dogo zaidi, lenye kiasi cha unyayo wa mtu.

Barabara moja hukizunguka kisiwa hicho. Urefu wake wapata kilometa 1,300, na pete yake ilifungwa mwaka 1974, yalipokwisha madaraja ya nyanda za mchanga za kusini. Mwaka 1996 volkeno ililipuka chini ya barafu. Maji yakafurika, yakachukua sehemu ya madaraja hayo kama yachukuavyo unyasi. Vyuma vilivyopindika vimeachwa kando ya njia, wapitao wavione. Watalii huifuata barabara hii makundi kwa makundi, wakishuka hapa kutazama maporomoko, pale kutazama korongo. Yako madaraja membamba yapitishayo gari moja tu. Aliyelikaribia daraja kwanza ndiye apitaye, na mwenziwe hungoja ng'ambo. Hapana askari wa kuwaamua.

Fikiri basi, msomaji, juu ya watu wanane katika safari kama hiyo. Wamefika kwenye uwanda wa mawe yaliyomwagika yakiwa moto katika mlipuko wa Laki, mwaka 1783. Mlipuko ule ulileta moshi wa sumu na njaa. Mifugo ilikufa kwa wingi, na katika kila watu watano wa kisiwa yapata mmoja aliangamia. Leo mawe hayo yamefunikwa na kuvumwani, mmea mdogo laini usio na maua, uliotanda kama zulia nene. Mmea huu hukua polepole mno, na alama ya kiatu juu yake yaweza kukaa miaka mingi. Kamba imefungwa, na kibao chakataza kuvuka. Mmoja wa wanane ataka picha nzuri. Aitazama kamba, kisha asema, "Mimi mmoja tu."

Neno hili si la mtu mwovu, na ubaya wake hauonekani upesi kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Unyayo wa mmoja hauuui uwanda. Asipovuka leo, kesho uwanda utakuwa ule ule. Lakini korongo la Fjaðrárgljúfur, baada ya mwimbaji mmoja maarufu wa Kanada kulionyesha katika filamu ya wimbo wake mwaka 2015, lilimiminikiwa na watu hata mwaka 2019 ikabidi lifungwe kwa miezi, mimea yake ipate kupumua. Nani aliyeliharibu? Ukiwauliza mmoja mmoja, kila mtu atajibu kwamba si yeye, na majibu yote hayo yakijumlishwa huwa uongo. Husemwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba hukimwaga pia.

Nadhani kosa la mtu huyu ni kuhesabu mguu wake na kusahau ruhusa yake. Avukaye kamba hujipa idhini, na sababu aliyoitoa, kwamba ni mmoja, ni sababu ya kila mtu, maana hapana mtu duniani aliye wawili. Ama wale saba, wanyamaza. Hayo ndiyo madhara ya kundi: aibu igawanywapo kwa wanane huonekana nyembamba, na asiyethubutu kuvuka peke yake huvuka akiwa na wenziwe. Kwangu mimi kimya chao ni nusu ya hatua.

Labda utasema kuvumwani hakina uchungu, na kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Ni kweli, mabenki ya kisiwa yalipoanguka mwaka 2008, fedha za watalii zilisaidia sana kuinua nchi. Walakini mgeni aliyelipa chumba hakuinunua nyumba.

Liko swali gumu zaidi. Katika ufuko wa Reynisfjara mawimbi huja ghafula, na wageni wamekwisha kufa hapo, ingawa vibao vya onyo vimesimamishwa. Mtu aweza kusema kwamba maisha ni yake, akifa amekufa mwenyewe. Lakini katika nchi ile waokoaji ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine, na sehemu ya fedha za vyombo vyao hupatikana kwa kuuza fataki za mwaka mpya. Waitwapo huacha chakula mezani wakaenda, wala hawamtozi aliyeokolewa. Je, waache kwenda kwa mjinga? Nisingependa. Huruma ianzayo kwa kuuliza kosa ni la nani hufika imechelewa. Basi kwa kuwa watakuja bila kuuliza, yampasa yeye ajiulize kabla yao, na sioni mlango wa kulikwepa deni hilo.

Turudi kwa wanane wetu. Mmoja amekwisha kuinua mguu juu ya kamba, anacheka. Kamera haiko mkononi mwake; amempa mwenziwe. Huyo hajasema neno bado. Akiirudisha mfukoni, hapana picha ya kupigwa.